Gemu la Kusubiri Zamu

Walisema sitamaliza. Baba mdogo alikuwa na orodha, na kila ukoo ulipokutana aliisoma kutoka kichwani kama matangazo ya mwisho wa misa. Shimo la choo nililoanza kuchimba nyuma ya nyumba yetu Kashozi nikiwa darasa la saba, likafika kiunoni, likaota magugu. Seminari, muhula mmoja. Kidato cha tano, miezi minne. Migomba niliyotumwa kupalilia, nikapalilia nusu na kwenda mtoni kuogelea.

"Huyu," alikuwa akifunga orodha, "hata chafya akiianza ataiachia katikati."

Watu walicheka. Mimi niliwaangalia usoni mmoja mmoja, nisije nikamsahau aliyecheka.

Shimo na migomba ni kweli, sikatai. Lakini seminari niliiacha kwa sababu baba alifariki, na kidato cha tano nilikiacha kwa sababu mwenye jukumu la ada alikuwa huyu huyu msoma orodha. Ukoo ulimweka awe msimamizi wa nyumba ya baba na kibanja chake, migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, mpaka nitakapokuwa mtu mzima. Kwetu mtu asiye na kibanja ni mpangaji tu duniani. Baba mdogo alichuma kahawa ile msimu baada ya msimu, na mimi nikaambiwa shule imekuwa ghali.

Nikaenda Dar es Salaam na begi moja. Mchana nilibeba mizigo ya watu, jioni nikasoma. Nilirudi na diploma ya elektroniki, na matokeo ya kujivunia. Nasema hivyo mwenyewe kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuuliza. Baba mdogo aliinua cheti changu akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akanirudishia.

"Dar karatasi zinauzwa kama maandazi," alisema. "Kibanja ni cha mtu anayemaliza mambo. Nionyeshe kitu kimoja ulichokimaliza, nikione kwa macho haya. Siyo karatasi."

Nilishuka mpaka Bukoba, nikapanda basi la Muleba kwa shangazi, dada yake baba, mjane anayeishi karibu na barabara ya mabasi. Shangazi hakuuliza nimemaliza nini. Alinipa chumba chake cha mbele kinachotazama barabara, nikaandika ukutani kwa mkono wangu: FUNDI REDIO, TV NA SIMU.

Lakini fundi asiye na vifaa ni mtu aliyekaa chumbani tu, kwa hiyo nikaazima. Na aliyewahi kuazima Muleba anajua kwamba kitu hakiji peke yake, kinakuja na neno lake. Katekista, jirani yetu, aliniazima meza aliyokuwa akifundishia watoto wa komunio ya kwanza. Akasema, "Meza hii imezoea watu wanaohudhuria mpaka mwisho, fundi. Usiishangaze." Shangazi aliniazima televisheni yake ya kujaribia mitambo, neno lake lilikuwa kwamba nisimkoseshe taarifa ya habari ya saa mbili. Na baba mdogo, aliposikia nimefungua ofisi, aliniletea kiti. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya.

"Nakuazima," alisema. "Ukichoka na ufundi, ukirudishe pale pale kilipotoka."

Kilikuwa kiti cha baba yangu. Nilikijua kwa alama ya kisu kwenye mkono wa kulia, niliyoichora mwenyewe nikiwa mtoto na kuchapwa kwa ajili yake. Ananiazima kiti cha baba yangu! Nilisema asante. Nikakaa juu yake siku hiyo hiyo, na kila kilipoyumba nilimkumbuka aliyekileta.

Mkopeshaji wa mwisho alikuwa mtoto wa baba mdogo. Ana banda la gemu Bukoba, mtaa wa nyuma ya soko, ambako vijana hulipia kucheza mpira kwenye televisheni. Alikuja Muleba na mashine ya zamani ndani ya mfuko wa rambo.

"Haisomi, kaka. Wewe si una diploma? Ifufue."

Niliifungua mbele yake. Ndani, chini ya lenzi, kulikuwa na diski imekwama, labda tangu kwa mwenye mashine wa kwanza huko ilikotoka. Nikaitoa kwa kibanio, nikaifuta kwa pamba, nikairudisha. Mashine ikasoma. Kazi ya dakika kumi, ambayo ilikuwa imewashinda mafundi wawili wa Bukoba. Siwataji, lakini wanajijua.

Kwenye televisheni ikatokea milima ya rangi ya zambarau na muziki wa filimbi.

"Aa, hiyo tupa," ndugu yangu alisema. "Ni gemu la Wajapani. Mtu anapiga, halafu anasimama kusubiri apigwe. Nani atalipia kusubiri? Hata hii mashine kaa nayo tu, nakuazima, nimeshanunua mpya. Ila kwa uchezaji wako wewe, hata filimbi ya mwanzo hutaimaliza."

Alikuwa na haki ya kunidharau kwenye gemu, tuseme ukweli. Dar nilicheza mpira wa kwenye televisheni mara chache, kupoteza muda kati ya kazi na darasa, na sikumbuki kushinda. Vidole vyangu ni vya kushika vitu vidogo na kuvitengeneza, si vya kukimbizana.

Jumapili ya kwanza baada ya misa nilikaa kwenye kiti cha baba, nikawasha. Kijana anaamka kitandani. Mama yake anamwita. Anamtuma apeleke mkate kwa jirani. Nilizunguka kijiji kile nikiwa na mkate kwa muda mrefu mpaka nikadhani sikuitengeneza mashine vizuri. Mpira uko wapi? Magari yako wapi? Halafu nje ya kijiji muziki ukabadilika, na mbele yangu likasimama dude lenye pembe. Nikabonyeza pedi kwa nguvu, vitufe vyote. Dude halikufanya lolote. Lilikuwa linahema tu, likinitazama. Kijana wangu naye alisimama na upanga wake, anahema. Pembeni kulikuwa na maneno manne: piga, kinga, dawa, kimbia.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba lile dude linanisubiri mimi. Halitapiga mpaka nimeamua. Ningeweza kwenda kunywa chai, nikarudi, nikalikuta hapo hapo.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na hakuna mtu aliyewahi kunisubiri niamue kitu. Niliweka pedi chini makusudi. Nikaenda kunywa chai.

Tangu siku hiyo Jumapili zangu zote, na mchana wowote wa mvua ambao wateja hawaji, zilikwenda huko. Kijana alipata wenzake watatu: mzee mwenye fimbo anayepiga radi, mwanamke wa upinde, na binti mwenye kitambaa cheupe kichwani ambaye kazi yake ni kuponya. Wanatembea nchi nzima wakitafuta mfalme aliyeiba jua. Nilinunua daftari, nikachora ramani ya kila pango, nikaandika kila adui anaogopa nini. Kiingereza chake hakikunisumbua. Mimi Kiingereza nilikisoma kwenye vitabu vya saketi. Shangazi alikuwa akikaa nyuma yangu akimenya ndizi za jioni, nami nikimtafsiria kwa Kihaya nani kasema nini.

Pamoja na daftari lote, nilikuwa nakufa. Tulifika kwenye daraja linalolindwa na ndege wa chuma, na ndege yule alituua Jumapili tatu mfululizo. Ya nne, shangazi akaweka kisu chini.

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya, yaani mama yangu. "Hebu ngoja. Kwa nini kila mkipigwa unamkimbilia mzee na dawa?"

"Ni mkubwa wao, shangazi."

"Hata kama. Mkubwa ana jeraha dogo, binti anakufa pale. Huyo binti ndiye anayeponya, au sivyo?"

"Ndiye."

"Akifa, huyo mzee wako ataponywa na heshima?"

Ni kweli, bila kufikiri, tangu siku ya kwanza nilikuwa nagawa dawa kama tunavyogawa kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni akifika huletewa akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na majani na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo, na kikapu huanza kwa mkubwa kiumri. Hakuna anayekufundisha, unakua unaona. Nimeulisha mkono wangu adabu kiasi kwamba hata ndani ya gemu la Wajapani ulikwenda kwa mzee kwanza, na binti mwenye kitambaa akafa Jumapili tatu.

"Na jambo jingine," shangazi aliendelea, maana alikuwa amechoka kunyamaza. "Mbona kila nyumba mnasimama mlangoni? Humo ndani naona makabati."

"Si nyumba zetu. Hawajatukaribisha."

Katekista, aliyekuwa amekuja kuangalia meza yake kama bado ina miguu, aliunga mkono. "Fundi yuko sahihi. Kufungua kabati la mtu ni wizi. Amri ya saba."

"Lakini katekista, wenye nyumba wamesimama hapo hapo wanaangalia," shangazi alisema. "Mjaribuni. Wakipiga kelele mtatoka."

Nikaingiza kijana kwenye nyumba ya mama mmoja anayefuma. Nikafungua kabati lake. Ndani mlikuwa na ngao ya fedha. Mama yule aliendelea kufuma, akasema tena kwamba mwaka huu mvua ni nyingi.

Nilirudi nyuma vijiji vyote, mlango kwa mlango. Silaha zote nzuri za nchi ile zilikuwa makabatini mwa watu, na mimi nilikuwa nimepita nikipiga hodi, mikono mitupu, nikisubiri kukaribishwa. Katekista alifunika macho. "Sijaona," alisema. "Hilo nalo? Chukua. Sijaona." Mimi nilikuwa nafikiria nyumba nyingine kabisa, iliyoko Kashozi, ambayo mtu aliingia siku tatu baada ya mazishi na kufungua makabati yote, nasi tumekaa tunaangalia kama mama yule wa kufuma.

Ndege wa chuma alikufa Jumapili iliyofuata. Binti alipewa dawa kwanza.

Mambo yalifikia hapo siku baba mdogo alipokuja Muleba kumsalimia dada yake. Alinikuta kwenye kiti. Nilisimama nikamsalimia, nikampisha. Shangazi akaleta kikapu cha akamwani, akaanza kwa kaka yake, kisha katekista. Baba mdogo alishika punje zake kiganjani, akatazama televisheni.

"Kwa hiyo diploma ndiyo hii? Katuni?"

"Ni gemu, baba. Ni safari ndefu. Nimefika zaidi ya nusu."

"Nusu!" Alimgeukia katekista. "Umesikia? Anajitambulisha mwenyewe. Nusu ndilo jina lake la ubatizo." Alicheka mpaka akakohoa. "Hilo nalo utaliacha."

"Akilimaliza?" shangazi aliuliza. Aliuliza taratibu, huku akifunika kikapu.

"Akilimaliza, nami niko hapa naangalia, nitampa funguo za nyumba ya baba yake na kibanja chote mpaka mpakani. Katekista uwe shahidi." Akatupa kahawa mdomoni, akaitafuna, bado anacheka. Katekista naye, kwa kumsindikiza, akatafuna yake.

Shangazi hakucheka. "Kaka," alisema, "umelitafuna hilo."

Baba mdogo aliacha kutafuna.

Babu yetu alikuwa na sheria moja ambayo watoto wake wote watatu waliikuta nyumbani: maneno ya kwenye pombe yanafutwa asubuhi, lakini ahadi iliyotolewa kahawa ikiwa mkononi, kisha ikatafunwa mbele ya shahidi, hairudi. Ndivyo yeye mwenyewe alivyogawa vibanja vyake. Baba mdogo anakaa kwenye kibanja alichopewa kwa punje za kahawa. Angeikanusha vipi sheria hiyo?

"Ni mzaha tu," alisema.

"Sawa," shangazi alijibu. "Tumemeza mzaha."

Wiki mbili baadaye mtoto wake akapiga simu. Mashine yake moja imeungua, ana mashindano ya mpira banda limejaa, naomba ile ya zamani kwa siku mbili, kaka, pamoja na kadi. Nilisita. Safari yangu yote, masaa zaidi ya hamsini, ilikuwa imehifadhiwa kwenye kadi ile ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Lakini mashine ni yake na kadi ni yake. Nikamwambia mara tatu: nafasi ya kwanza usiiguse.

Ilirudi Jumatatu kwa basi. Nikawasha. Nafasi ya kwanza: ligi ya mpira. Ya pili: ligi ya mpira. Mpaka chini kabisa, ligi ya mpira. Mzee, mwanamke wa upinde, binti mwenye kitambaa, hawakuwepo popote.

Nilimpigia.

"Kadi ilijaa, braza. Wateja walitaka kusevu. Si gemu tu?"

"Nilikwambia nafasi ya kwanza."

"Basi, samahani. Hata hivyo baba alisema ungeliacha mwenyewe, kwa hiyo nimekupunguzia kazi." Akacheka kicheko cha baba yake. Kicheko kile kinarithiwa, kama kibanja.

Sina ushahidi kwamba alitumwa. Sihitaji. Nilikaa kwenye kiti chenye mguu wa waya, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mtu huacha mambo katikati: si uvivu, ni kwamba kuanza upya kunauma kuliko kushindwa. Shangazi alipita akaniangalia, akaangalia televisheni ambako yule kijana alikuwa anaamka tena kitandani na mama yake anamwita. Hakusema pole. Alisema, "Safari hii mkate umpelekee haraka."

Nilinunua kadi yangu mwenyewe Bukoba, kwa pesa yangu. Niliivaa shingoni ndani ya kimfuko cha rozari, hata kanisani. Na nilicheza kwa hasira, lakini hasira yenye daftari. Ramani zote za nilikopita nilikuwa nazo. Udhaifu wa kila dude nilikuwa nao. Kila kabati nilifungua. Dawa, binti kwanza. Safari iliyonichukua miezi mitano mara ya kwanza, niliirudia na kuipita kwa wiki saba, na kazi ya ufundi ikiendelea, na wateja wakiongezeka, kwa sababu Muleba ilishajua kwamba yuko fundi anayetengeneza vinavyoshindikana Bukoba. Sijui wangapi wangeweza hayo. Baba mdogo asingeweza.

Niliposimama mbele ya lango la mfalme aliyeiba jua, nilihifadhi, nikazima, nikampigia baba mdogo. Nikamwambia Jumapili baada ya misa ya pili, na aje na mwanawe.

Walikuja. Nadhani walikuja kuona nikishindwa. Shangazi alikuwa amekaanga senene, wale panzi wa kwetu, katekista amevaa shati la sherehe. Nilicheza nikiwa nimewapa mgongo. Mfalme yule ana miili mitatu. Ukiua mmoja anatoka mwingine mkubwa zaidi. Tulikuwa kwenye wa pili wakati umeme wa Muleba ulipokatika mtaa mzima.

"Basi," baba mdogo alisema, akasimama kutafuta kofia. "Ni mapenzi ya Mungu."

Televisheni haikuzimika. Mfalme alikuwa bado anahema, ananisubiri. Chini ya meza ya katekista nilikuwa nimeweka betri ya gari na inveta niliyoiunda mwenyewe. Sikugeuka. Nilisema tu, "Baba, kaa. Bado zamu yangu."

Alikaa. Na nitasema jambo ambalo huwa analikana: kwenye mwili wa tatu alikuwa ukingoni mwa benchi. "Mpige sasa! Unasubiri nini?" Nikampa dawa binti. "Mzee anakufa, mpe mzee!" Mzee akaanguka. Binti akamwinua. "Ahaa," baba mdogo alisema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada ya hapo. Kisha mwanamke wa upinde akapiga, na mfalme akapasuka, na jua likarudi angani.

Mtoto wake alinyanyuka. "Haya, limekwisha, twende."

"Bado," nilisema. "Baba alisema mpaka mwisho."

Yakaanza kupanda majina ya Wajapani waliolitengeneza, majina na majina. Niliwakalisha wote mpaka jina la mwisho. Televisheni ikawa nyeusi, yakatokea maneno mawili. Nikayatafsiri kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, kisha nikamwomba katekista ayasome kwa Kiingereza ili pasiwe na ubishi.

"Lakini hili ni gemu tu," baba mdogo alisema.

Shangazi alikwenda jikoni akaleta kikapu cha akamwani, akakiweka mezani kikiwa kimefunikwa, akakaa. Tukamsikia katekista akikohoa. Hapo sote tulikuwa tunaangalia kikapu. Baada ya muda baba mdogo aliingiza mkono kwenye koti, akaanza kuhangaika na pete ya funguo zake. Ufunguo wa nyumba ya baba yangu ulikuwa umekaa humo miaka mingi, ulikataa kutoka. Nilimwazima koleo langu.

Makabidhiano yalifanyika Kashozi mbele ya wakubwa wa ukoo, mipaka ikakanyagwa, ikaandikwa. Nikapalilia migomba yote, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho. Nyuma ya nyumba nikakuta lile shimo langu, magugu yamelijaa. Nililichimba mwenyewe, sikuajiri mtu, likanipita kichwa, nikalijengea choo cha matofali chenye mlango wa bati. Ndicho choo bora kwenye kilima kile. Aliye na shaka apite aone.

Kahawa ya kwanza ilipokauka, nikakodi pikapu kutoka Muleba, nikapanga siku moja ya kurudisha vya watu wote. Sikutaka iwe siku ya kazi ambayo watu wako mashambani. Nilichagua Jumapili, barabara imejaa watu watokao kanisani.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Meza ya katekista niliipiga msasa na kuipaka vanishi, nikamshushia mlangoni kwake na mkungu wa ndizi juu yake. "Imehudhuria mpaka mwisho," nilimwambia. Alicheka, akapanda kwenye pikapu kutusindikiza. Televisheni ya shangazi niliirudisha sebuleni na nyingine mpya, kubwa, kando yake. Nilimwambia achague ipi ya taarifa ya habari. Akachagua zote, akafunga kitenge, naye akapanda.

Bukoba tulisimama mbele ya banda la gemu, vijana wamejaa. Nilimkabidhi ndugu yangu mashine yake mikononi, imesafishwa, lenzi mpya, na kadi yake na gunia dogo la kahawa. Aliiwasha hapo hapo, uso umemshuka.

"Umefuta ligi zangu?"

Nitakiri kwamba wiki nzima kidole changu kilikuwa juu ya kitufe kile. "Angalia," nilisema. Ligi zake zote zilikuwepo, isipokuwa mistari imesogea chini kidogo. Nilikuta ligi moja imehifadhiwa mara mbili, nikabakiza moja, nikazipanga upya, na katika nafasi ya kwanza nikaweka safari yangu, imekamilika, na masaa yake yameandikwa pembeni. Kila atakapowasha ataanza kwa kuiona. "Ukitaka, ifute," nilimwambia mbele ya wateja wake. Hajaifuta mpaka leo. Vijana wa pale wananiambia. Nikamwambia apande pikapu, baba yake anatusubiri.

Kiti kilibaki cha mwisho. Nilikuwa nimekitengenezea mguu mpya wa mvule, waya nimeutupa. Baba mdogo alikuwa amesimama uani kwangu, kwenye nyumba ya baba yangu, kofia mkononi.

"Ulisema nikirudishe pale pale kilipotoka," nilimwambia. Nikapita naye mlangoni, nikakiweka sebuleni, upande wa dirisha, kilipokuwa baba akiwa hai. Mlangoni niliacha mkungu mkubwa kuliko yote, wa baba mdogo, maana naye aliniazima. Kisha nikakaa kwenye kiti. Hakikuyumba. Wageni wangu wakakaa kwenye mabenchi, na yeye pamoja nao.

Nikaleta kikapu cha akamwani, kahawa ya kibanja changu. Baba mdogo, kwa mazoea ya maisha yake yote, alinyoosha kiganja.

Nikampita. Nilipiga goti mbele ya shangazi, nikampa yeye kwanza. Katekista akafuata. Kisha ndugu yangu mdogo, ambaye hakujua aangalie wapi. Kiganja cha baba mdogo kilikuwa bado hewani, hakujua akishushe au akiache, nami sikuwa na haraka.

Kikapu kilipomfikia zilibaki punje tano. Alizichukua. Nilisimama pale nikimwangalia mpaka akaanza kutafuna.